Mtoto Kuvaa Nike Si Kesi ya Jirani

Dada mmoja wa Chang'ombe hapa Dodoma kaniandikia kwa uchungu. Picha ya mwanawe wa miaka mitatu, kavaa raba za Adidas, imerushwa kwenye grupu la wazazi wa chekechea, na chini yake watu wanaulizana: "Ada kalipa huyu?" Anaomba ushauri. Yaliyomkuta yalinikuta na mimi.

Kijana wangu alibatizwa na raba nyeupe za Nike. Tuko nje ya kanisa tunapiga picha, nikamsikia mama wa jumuiya yetu, mtu ninayemwamkia kila siku, anamwambia mwenzake, "Kodi ya chumba inamshinda, mtoto anamvalisha Nike." Sikumjibu. Mpaka leo tukipeana amani kanisani, mkono wangu unakuwa mzito.

Raba zile nilizitoa soko la Sabasaba, shilingi 12,000, mtumba. Nilidamka siku ya kufungua belo, kabla wachuuzi hawajachambua gredi A zote. Nyumbani nikachomoa kamba, nikasugua kwa mswaki na sabuni ya unga, nikajaza magazeti ndani zisikunjamane, nikazianika kivulini maana jua letu linaachisha gundi. Chini ya ulimi wa kiatu palikuwa na jina la mtoto wa watu, limeandikwa kwa kalamu, likagoma kutoka. Mwanangu alizivaa mpaka zikambana, akarithi mdogo wake. Vile vya dukani nilivyonunua kabla yake, vipya, 15,000, viliachia soli muhula haujaisha. Sasa mbadhirifu nani?

Mimi ni fundi cherehani, nguo naisoma kwa ndani. Igeuze, uvute mshono kidogo uone kama nyuzi zinaachia. Angalia pindo kama lina kitambaa cha kushushia mtoto akirefuka. Kiatu kibaki na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Nembo hata feki wanabandika.

Kwa hiyo dada yangu, usijieleze. Usitume risiti kwenye grupu, usiseme ni mtumba, usiseme kaletewa na shangazi yake. Ukijieleza viatu leo, kesho watakuuliza mboga. Usijieleze kabisa.

Na ninyi mnaohukumu, muogopeni Mungu. Tangu Serikali ianze kuhamia huku 2016, mji umejaa watu wa kila kipato, tumezoea kupimana kwa macho: gari, pazia, sasa miguu ya watoto. Huyo mama huenda kajinyima. Huenda pia ana hela zake na kanunua vipya kwa bei ambayo wewe unaiogopa, na hilo nalo halikuhusu, maadamu mtoto kashiba na kachanjwa. Ukimwona mtoto anashinda njaa au ana alama za kipigo, hapo ndipo useme. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.