Ukitaka boti ya kuishi ziwani, anza na nanga

Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia kwenye chumvi, na nilipohamia Entebbe, Uganda, nililidharau Ziwa Viktoria. Maji baridi, hakuna papa, hakuna kupwa wala kujaa, yatanitisha nini? Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza sola visiwani Ssese. Nilipochoka kulipia nyumba za wageni kila wiki, nikanunua boti ya faiba ya futi 23, iliyoletwa kwa lori kutoka pwani, yenye kijichumba cha kulala watu wawili upande wa omo, yaani mbele. Huu ni mwaka wa nne nalala humo siku tatu nne kwa wiki, na wanaotaka kununua ya kwao hunipigia simu. Swali la kwanza huwa ni injini. Hapo ndipo na mimi nilipoanzia, na ndipo nilipokosea.

Mzee mmoja fundi wa mitumbwi pale Kasenyi aliizunguka siku ya kwanza, akaugonga ubavu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena. "Ssebo (bwana), hii ni ya kukimbia. Si umesema utalala?" Boti yenye tumbo lililochongoka sana hukata mawimbi vizuri ikienda, lakini ikitia nanga inayumba kama pembea. Ya tumbo bapa inalala imetulia, ila ikikutana na wimbi fupi la ziwa inakupiga mgongo mpaka ushuke. Tafuta ya katikati, na kuta zake ziwe juu. Halafu gonga kama mzee. Faiba nzima inalia kwa sauti kavu. Ikilia kama boksi la karatasi lililolowa, ubao wa ndani umeshakunywa maji, na bei yoyote utakayotajiwa ni kubwa.

Injini yangu ya nguvu za farasi 60 ilikuja na rafadha (propela) ya pwani. Ikagoma kufika mizunguko yake, na mimi nikamlaumu fundi, nikalaumu petroli ya madumu. Kumbe ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari! Hewa nyepesi huipunguzia injini karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Nikafunga rafadha ambayo hatua yake, yaani umbali inaokusudiwa kusogea kwa mzunguko mmoja, ni fupi kwa inchi mbili, ikapumua. Kosa jingine la mtu wa chumvi ni vile vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye mguu wa injini ili viliwe vyenyewe badala ya injini. Kwenye maji baridi zinki inajifunika utando na kuacha kufanya kazi. Huku funga vya magnesiamu. Na ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, farasi 60 wanakunywa lita 22 au 23 kwa saa, kwa hiyo mimi nahesabu theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ambayo siigusi. Kuna pia injini ndogo ya farasi 15 yenye tangi lake peke yake. Ikichota tangi moja na ile kubwa, mafuta yakiingia maji zitazima zote mbili.

Sasa nanga. Niliambiwa na wavuvi kwamba jiwe kwenye gunia linatosha, na kwao linatosha, kwa sababu wao wanalala nchi kavu. Usiku mmoja kwenye ghuba ya Lutoboka nilitia nanga kwenye mita sita za maji, nikatoa kamba mita 15, nikala samaki wangu, nikalala. Saa kumi alfajiri niliamshwa na sauti iliyobadilika. Mawimbi hayakuwa yakipiga omo tena, yalikuwa yakipiga ubavu. Nikachungulia na tochi, nikaona majani ya mafunjo yako dirishani: nanga ilikuwa imeburutika mpaka ufuoni. Upepo ukaja dakika chache baadaye. Huku kwetu magharibi mwa ziwa ndivyo ilivyo mara nyingi: usiku pepo za nchi kavu hukutana katikati ya ziwa, mawingu yanapanda, na dhoruba inatufikia alfajiri au asubuhi, wakati mtu wa pwani anadhani ndiyo saa tulivu ya kusafiri. Radi zake usiombe.

Siku hizi nina nanga ya mabawa mapana inayoshika tope, mnyororo wa mita sita, na kamba mara saba ya kina. Ile mita sita ya maji ingetaka kamba ya mita 42. Nachagua ghuba kwa kuangalia upepo wa alfajiri utatokea wapi, uzuri wa ufuo baadaye. Usijifunge karibu na mafunjo pia, maana vipande vyake hukatika vikawa visiwa vinavyoelea. Aprili 2020 kimoja kilikwamisha mitambo ya umeme kule Jinja, nchi nzima ikawa gizani. Boti yako ni nini?

Ndani ya boti sina mengi ya kusema. Betri mbili: ya kuwashia injini usiiguse kwa taa wala simu. Pampu inayojiwasha ya ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti ambako maji hukusanyika, pamoja na ndoo kwa siku itakayogoma. Mtungi wa gesi ukae nje, kwa sababu gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa, inashuka ngamani na kusubiri cheche. Maji ya kuoga nachota mbali na ufuo nayaacha yatulie saa 24 nzima, kwa ajili ya kichocho, na ya kunywa nachemsha. Jaketi la kuokolea navaa hata nikiwa peke yangu. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono, wakafa watu zaidi ya 30, na haikuwa mbali na nchi kavu.

Choo ni ndoo yenye mfuniko na maranda ya mbao. Mke wangu amepanda mara mbili. Mara ya pili alikuja na pazia lake na misumari, akalipigilia mwenyewe, na mahali alipotoboa panavuja mvua ikinyesha kutoka kusini.