Linki mbili zenye gharama sawa: niliyojifunza Uyole, kwa mnaoanza kazi za mitandao

Wadogo zangu mnaoanza kushika ruta, leo naongelea kugawa trafiki kwenye njia zenye gharama sawa (gharama hapa si pesa, ni namba ambayo ruta inatumia kupima ubora wa njia), maana naona wengi mnaingia na wazo lilelile nililoingia nalo mimi, kwamba ukiwa na linki mbili za Mbps 50 basi mteja anapata 100. Hapati. Ruta inagawa mitiririko: inachukua anwani ya IP ya mtumaji na ya mpokeaji, poti zote mbili (namba za programu zinazoongea) na protokali, inapiga hesabu ya heshi, yaani inazigeuza kuwa namba moja, jibu lake ndo linachagua njia, na mtiririko huo unabaki hapohapo mpaka uishe. Mtu anayeshusha faili moja kubwa kwa konekisheni moja atatumia linki moja tu, hata umuwekee nne.

Nilikuwa fundi kwenye kampuni ndogo iliyokuwa inauza intaneti kwa hosteli za Uyole, Mbeya, redio mbili kutoka mjini, OSPF (protokali ya ruta ya kuchagua njia) inaziona gharama sawa. Ikifika saa tatu usiku wanachuo wanapiga simu balaa, nafungua grafu, linki ya kwanza iko 48, ya pili iko 2. Nikaona dawa ni kuiambia ruta igawe pakiti moja moja, hii huku hii kule. Grafu zikalingana vizuri kabisa nikaenda kulala, asubuhi malalamiko yamezidi ya jana.

Linki moja ilikuwa inaenda moja kwa moja, milisekunde 4, nyingine inazunguka mnara wa kati, milisekunde 19. Kwa hiyo pakiti ya tano inafika kabla ya ya pili, na mtumaji wa TCP (protokali inayohakikisha data yote inafika) akishapokea ACK, yaani taarifa za kupokea, tatu za kujirudia anaamini pakiti imepotea, anaituma upya na kupunguza mwendo, wakati hakuna kilichopotea njiani. Simu za WhatsApp nazo zikawa zinakatakata. Kiukweli iliniuma, maana wale walikuwa wamelipia bando la mwezi.

Nikarudi usiku na laptop, baridi ya Uyole mwezi wa saba mnaijua wenyewe, nikakaa nyuma ya raki nikawasha tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita. Mistari inapita kama maji ila anwani ni mbili tu, zilezile, na poti hakuna hata moja, kila mstari GRE, protokali ya kufunga pakiti ndani ya pakiti nyingine. Kumbe trafiki ya hosteli zote ilikuwa imefungwa ndani ya tunneli moja mpaka mjini! Machoni pa ruta wanachuo wote wale ni mtiririko mmoja, heshi inatoa jibu lilelile siku nzima. Nikaitoa tunneli, nikarudisha ugawaji wa mitiririko, kwenye boksi la Linux nikaweka net.ipv4.fib_multipath_hash_policy iwe 1 ili iangalie na poti, maana ikiwa 0, ambayo ndo inakuja nayo, inaangalia anwani tu (hii ipo tangu kerneli, yaani kiini cha Linux, toleo la 4.12, za zamani hamtaikuta). Kama tunneli ni lazima, kerneli mpya zina 2, inachungulia anwani za ndani.

Mengine kwa haraka. Ukiwa na ruta mbili zinazofuatana zenye heshi ileile, ya pili inapokea mitiririko iliyokwisha kuchujwa na ya kwanza, unakuta linki yake moja imejaa nyingine inalala, badilisha mbegu ya heshi (namba inayoanzisha hesabu yake) kwenye mojawapo. Na kama linki ni za kampuni mbili tofauti, kila moja na NAT yake (inayobadilisha anwani za ndani kuwa anwani ya nje), mteja anaweza kuonekana ana anwani mbili, akiingia kwenye mfumo wa benki anatolewa nje, hapo bora uangalie anwani tu, usiweke poti. Pia msiamini linki kwa sababu taa ya tundu la kebo inawaka, redio ya upande wetu inaweza kuwa hai na huko mbele ya mnara kumekufa, nusu ya mitiririko inamezwa kimyakimya. Pigeni pingi kitu kilicho mbali zaidi ya geitiwei (ruta ya kwanza mbele yenu).

Kupima, msipime kwa konekisheni moja. Mimi usiku ule iperf3, programu ya kupima kasi, ya kawaida ilinipa Mbps 47, nikaongeza -P 8 (konekisheni nane kwa pamoja) ikapanda mpaka 88, mitiririko mitano upande mmoja na mitatu upande wa pili, nikafunga raki nikaondoka.