Mzoga wa ng'ombe: tuwaachie tumbusi au tuufukie?

Swali: Nafuga ng'ombe Tuala, karibu na Mbuga ya Nairobi. Zamani ng'ombe akifa, tumbusi walimaliza mzoga siku hiyohiyo. Siku hizi unakaa hadi wiki, fisi na mbwa koko wakiugombania. Jirani anataka tuutie sumu fisi waishe. Kuna ubaya?

Jibu: Tafadhali mkatazeni. Sumu ya kulenga fisi na simba ndiyo iliyowamaliza tumbusi. Hawa hula kwa makundi, kwa hivyo mzoga mmoja huua wengi: Botswana mwaka 2019, mizoga ya ndovu iliyotiwa sumu iliua tumbusi 537. Jike hutaga yai moja tu kwa msimu, na kinda huchukua miaka mitano hivi kabla ya kuanza kuzaa. Pengo la siku moja halizibiki upesi.

Hayo mnayoyaona Tuala yalipimwa Laikipia: mizoga isiyofikiwa na tumbusi ilikaa karibu mara tatu zaidi kabla ya kwisha, na wanyama kama fisi na mbweha waliokusanyika hapo waliongezeka mara tatu. Wakikutana namna hiyo huambukizana magonjwa, kichaa cha mbwa kikiwemo, na mbwa koko huyarudisha bomani kwenu.

Ng'ombe aliyeuawa na simba, au aliyefia ukame bila kudungwa dawa, mwacheni mahali wazi, mbali na barabara, nyaya za umeme na maji ya kunywa. Aliyetibiwa karibuni fukieni. Diklofenaki, dawa ya maumivu, iliharibu figo za tumbusi wa India waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo, hadi wakakaribia kwisha. Huko India ikapigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Mwombeni daktari wa mifugo atumie meloksikamu badala yake.

Akifa ghafla, damu isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, shukuni ugonjwa wa kimeta. Msimpasue hata kidogo! Viini vikipata hewa hugeuka mbegu zinazodumu udongoni miaka mingi. Mwiteni daktari; atasimamia kuchomwa kwake au kufukiwa kwenye shimo la mita mbili.

Fisi wazuieni kwa boma la waya imara, lenye taa za kumetameta kama zile zilizobuniwa hapohapo kando ya mbuga.

Mkikuta ndege, au hata nzi, wamekufa kando ya mzoga, hiyo ni sumu. Fungeni mbwa, msiguse chochote kwa mikono mitupu, pigieni Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) mara moja, na mtu abaki akiwafukuza ndege. Sampuli zikishachukuliwa, mzoga na ndege wote wachomwe wawe majivu.