Jumla iliyozidi moja: kwa wageni wa R

Alhamisi iliyopita nilipita nyuma ya kijana mmoja wetu, nikaona kwenye skrini yake sum(idadi, na = TRUE), nikasimama pale pale na kikombe changu cha chai mkononi. Sikumkemea, kwa sababu mstari ule niliwahi kuuandika mimi mwenyewe na aibu yake sijaisahau. Ninyi mliojiunga nasi mwaka huu mnajua kutumia R, lugha ya kompyuta ya takwimu, kusoma faili, kuchora grafu na kuendesha modeli, kwa hivyo sitarudia ya darasani. Nataka tuzungumze juu ya agumenti, yaani vile tunavyoipa fankisheni ndani ya mabano, na kurasa za msaada, ambazo mnazipita mbio kama watu wanaokimbilia feri ya mwisho.

1. R hulinganisha agumenti kwa hatua tatu: jina kamili, kisha jina lililofupishwa, kisha nafasi. Agumenti iliyotangazwa baada ya nukta tatu (...), ambazo hupokea chochote cha ziada, haikubali ufupisho wala nafasi. Ni lazima itajwe kwa jina lake lote. Jambo hili nilikuwa nimelisoma zaidi ya mara moja kabla halijaniumbua.

Wakati huo nilikuwa kijana katika ofisi moja hapa Mombasa, na kazi niliyopewa ilikuwa kujumlisha vioski vya maji katika wadi zote 30 za kaunti. Nilikuwa nimezoea kuandika mean(x, na = TRUE), nayo ilinitii, kwa kuwa katika mean.default, inayofanya kazi ya mean, agumenti ya na.rm (ya kuondoa NA, yaani thamani zinazokosekana) imetangazwa kabla ya nukta tatu, na hivyo «na» ikaeleweka kuwa ufupisho wake. Nikaibeba desturi hiyo hadi kwenye sum, ambayo muundo wake ni sum(..., na.rm = FALSE). Huko «na» ni jina geni kabisa, kwa hivyo nukta tatu zikalimeza, TRUE ikahesabiwa kuwa 1, na hiyo 1 ikajumlishwa pamoja na vioski vya watu. Data yangu ilikuwa safi, haina NA hata moja. Laiti ingekuwa nayo, jibu lingetoka NA nami ningeshtuka mapema. Hakukuwa na kosa wala onyo.

Wadi moja ambayo haikuwa na kioski chochote ikapata kimoja. Msimamizi wetu akamtuma mtu kwa bodaboda akakitafute, naye akazunguka asubuhi nzima, akarudi jua limemchoma, akisema pengine kimebomolewa. Mimi, Mungu anisamehe, nilikubaliana naye, nikaandika chini ya jedwali kwamba kioski hicho huenda hakifanyi kazi tena. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa uhasibu, ambaye hakuiamini kompyuta hata siku moja. Alizijumlisha fomu zote kwa kikokotoo chake, akaniambia, «Mwanangu, yako imezidi kwa 31.» Siku nzima nilihangaika na namba hiyo, maana wadi ni 30, na ile moja ya ziada sikujua imetoka wapi. Nilikuwa nimebanwa katikati ya abiria kwenye kivuko cha Likoni nilipotambua kwamba jumla kuu ya kaunti nayo niliipata kwa mstari ule ule.

2. Wekeni options(warnPartialMatchArgs = TRUE) katika .Rprofile, faili ambalo R hulisoma kila inapoanza. Itawaonya mkifupisha jina ndani ya mean. Ndani ya sum haitasema neno, kwa kuwa huko hakuna ufupisho uliotambuliwa wa kuonywa.

3. Atakayeandika mean(4, 8, 15) akitarajia 9 atapata 4. Fankisheni hiyo huchukua wastani wa agumenti ya kwanza tu, halafu 8 huenda kwa trim (agumenti ya kupunguza thamani za pembeni) na 15 kwa na.rm. Ziunganisheni kwanza kwa c().

4. Ukurasa wa msaada hausomwi kuanzia mifano iliyo chini, ingawa najua ndiyo mnayoinakili. Anzeni na Usage, mtazame nukta tatu zimekaa wapi, na kama mna haraka args(sum) itawaonyesha hilo kwa mstari mmoja. Kisha someni Details, sehemu ambayo kila mtu huiruka. Humo ndimo ilimoandikwa kwamba sample ikipewa namba moja tu, tuseme 12, huchagua kutoka 1 hadi 12. Mwenzenu mmoja alichuja orodha ya fomu mpaka ikabaki fomu moja, namba 12, akaomba achaguliwe moja, akaletewa fomu namba 7 ambayo alikwisha kuitupa, akaja kulalamika kwangu kwamba R ina mdudu. Nilimfungulia ukurasa ule, akausoma kimya, akaenda zake kunywa maji.

5. Andikeni TRUE, si T, kwa maana T ni jina la kawaida ambalo mtu yeyote anaweza kulipa thamani nyingine. Msimbo wa zamani nao usomeni kwa tahadhari: tangu R 4.0.0 ya mwaka 2020, chaguo-msingi la stringsAsFactors, agumenti ya kugeuza maneno kuwa makundi (factor), ni FALSE.

Aliyetengeneza lile jedwali la Alhamisi anajijua. Amejumlisha kwa kaunti ndogo, nazo ni 6, kisha akazijumlisha tena kwa mstari ule ule. Basi kabla ya kulipeleka popote Jumatatu, aitafute 7.