Vibao vimejaa mbele ya skuli, mbona mwendo haupungui?

SWALI: Assalaam aleikum, mhandisi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya skuli huku Pemba, kwenye barabara ya Chake Chake kwenda Mkoani. Kabla ya kufika geti letu pana kibao cha watoto, cha kona, cha mwendo wa 50, cha "barabara inatengenezwa" kilichoachwa tangu kazi ilipomalizika, na mabango mawili ya biashara. Gari zinapita vile vile. Kamati inataka kuchangisha tuweke kibao kikubwa zaidi. Kitasaidia?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Huo mchango usimamisheni kwanza. Kibao cha saba hakitofanya kazi iliyoshindikana kwa sita, na huenda kikaharibu na ile ndogo inayofanyika sasa.

Mchukue dereva wa daladala anayekuja kwa kilomita 60 kwa saa. Kila sekunde anakwenda mita 17 hivi. Ikiwa vibao vyenu vyote vimo ndani ya mita 50, ana sekunde 3 tu za kuvisoma, na ndani ya sekunde hizo hizo anaikabili kona, abiria anataka kuteremka, na bodaboda inachomoza kutoka njia ya shamba. Jicho litachagua, na mara nyingi litachagua kilicho kikubwa chenye rangi kali, yaani bango la biashara. Kibao cha watoto kinabaki kusomwa na nyinyi mnaotembea kwa miguu.

Halafu pana suala la umbali. Sisi huhesabu sekunde 2.5 za dereva kuona, kuelewa na kuanza kukanyaga breki. Kwa mwendo huo mita 40 na ushei zimeshakwisha kabla gari haijaanza kupungua. Jumlisha na za breki, unafika kama mita 80, hata lami ikiwa kavu. Pimeni kwa futi kamba kutoka getini hadi kwenye kibao cha watoto. Nimevikuta vingi vimechomekwa hatua chache tu kabla ya geti, na hapo dereva anaarifiwa jambo ambalo hana tena nafasi ya kulitendea.

Ila kinachonikera kuliko vyote ni hicho cha "barabara inatengenezwa". Dereva wa njia hiyo anakipita kila siku na haoni koleo wala kifusi. Keshajifunza kwamba vibao vya hapo husema yasiyokuwepo, na habagui hata kimoja: cha watoto nacho kinapoteza imani yake. Mkandarasi alitakiwa aondoke nacho. Dai la kwanza la kamati liwe hilo, na la pili mabango ya biashara yahamishwe mbali na kona.

Msiving'oe wenyewe lakini. Ni mali ya Serikali. Andikeni barua kupitia kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa hapo mtaani kwenu, mwambatanishe picha za mchana na za usiku. Usiku simameni kama mita 30 kutoka kwenye kila kibao, tochi mmeishika usawa wa jicho. Kinachofaa kitang'aa, kwa sababu karatasi yake hurudisha mwanga kule ulikotoka. Kilichopakwa rangi ya kawaida, au kilichoungua jua hadi wekundu wake ukawa wa waridi, kitabaki giza. Hicho kinahitaji kubadilishwa, si kuongezewa mwenzake.

Baada ya usafi huo, bado msitarajie kibao peke yake kimpunguze mtu mwendo. Barabara iliyonyooka na laini inamwambia dereva akimbie, na yeye huisikiliza barabara kabla ya kibao. Mfano tunao hapa hapa, Unguja. Barabara inayopita msitu wa Jozani ilipotiwa lami miaka ya 1990, gari ziliongeza kasi, na kwa makadirio ya watafiti kima punju (kima mwekundu wa Zanzibar) mmoja alikuwa akigongwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Yalipowekwa matuta manne, makadirio yakashuka hadi mmoja kwa wiki sita hivi. Vifo havikwisha, lakini gari zililazimika kupunguza mwendo.

Kwa hiyo ombeni matuta, moja kila upande wa geti, yachorwe rangi na kila moja litanguliwe na kibao chake kinachong'aa. Hicho ni kibao ninachokitetea kwa nguvu zote, maana tuta lisiloonekana usiku humwangusha mwenye pikipiki.

Na mchango, kama tayari mmeshakusanya, angalieni geti. Ikiwa watoto wanatoka wakikimbia moja kwa moja hadi kwenye lami, jengeni ukuta mfupi mbele yake ili walazimike kuzunguka ubavuni, wachomoze mahali ambapo dereva anawaona tangu mbali. Fundi wa kijijini anaiweza kazi hiyo, mradi ukuta usimame ndani ya kiwanja cha skuli na usiingie kwenye hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa pembeni uliotengewa barabara.