Chupa zangu za nyanya zinavimba

SWALI: Kamwene, mama. Nina miaka 19, nimelelewa na bibi hapa Ilula. Sikuendelea na shule baada ya darasa la saba. Mwaka huu nilipata nafasi ya bure kwenye mafunzo ya miezi mitatu ya usindikaji. Bei ya nyanya iliposhuka, watu wakawa wanawamwagia ng'ombe, nikasindika chupa 24 za sosi, nyanya na vitunguu. Nilichemsha dakika 20 kama daftari linavyosema. Wiki ya pili mifuniko ikavimba. Moja ikapasuka usiku, bibi akadhani mwizi. Mwalimu wetu alitoka Dar, amesharudi. Nimekosea wapi?
Binti wa Ilula

JIBU: Kamwene, mwanangu. Bibi mpe pole.

Zilizobaki usizionje hata kwa ncha ya ulimi, wala usimpe nguruwe. Chupa ambayo haikuiva inaweza kuwa na sumu ya botulizimu, na haina harufu ya kukuonya. Zifukie, shimo liwe refu.

Sasa daftari. Dar maji yanachemka kwa nyuzi 100. Ilula, mita 1,400 hivi juu ya bahari, yanachemka kwenye 95 tu. Ndiyo maana maharage huku yanakula kuni! Na mimi nilipoteza chupa 40 kabla sijalijua hilo, nikawa namlaumu muuza mifuniko. Kwa chupa ya nusu lita, huko kwenu chemsha dakika 45, maji yafunike mifuniko, na uanze kuhesabu yakishatokota, si ulipoziweka motoni.

La pili ni uchachu. Nyanya iliyoiva sana huwa haina uchachu wa kutosha kumzuia kijidudu anayetoa sumu hiyo ya botulizimu. Weka robo kijiko cha chai cha unga wa asidi ya sitriki katika kila chupa ya nusu lita. Ndimu za sokoni zinatofautiana ukali, mimi siziamini. Vitunguu acha kwa sasa, vinaupunguza uchachu huo. Mlaji atakaanga vyake.

Kuuza dukani ni habari nyingine: tangu 2019 vyakula vinasajiliwa TBS, yaani Shirika la Viwango. Anzia ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, Iringa mjini; wao huwaandikia wajasiriamali wadogo barua ya utambulisho. Nenda na chupa sita zilizokaa mwezi mzima bila kuvimba.