Sikukuu hii, zawadi moja kwa kila mtoto

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, vitu vya kuchezea vimejaa hadi sebuleni hakupitiki, na sikukuu ndiyo hiyo inakuja. Nifanyeje?" Niliurudia ujumbe wake mara mbili. Miaka miwili iliyopita mwanamke huyo nilikuwa mimi.

Wakati ule mkubwa wangu alikuwa na miaka minne, mdogo miwili. Mwaka mzima nilikuwa nanunua na kuficha juu ya kabati. Asubuhi ya sikukuu, ukijumlisha na za bibi, shangazi na wajomba, zilifika zawadi 23. Walichana karatasi bila hata kutazama kilichomo. Tulipofika ya kumi hivi, mdogo akaangua kilio. Alitaka abaki na kigari chake cha kwanza, nami nikamnyang'anya ili afungue nyingine, kwa sababu nilitaka picha. Kilio kile bado nakisikia. Jioni mwanasesere alishang'oka mkono, na wenyewe walikuwa wamejikunyata ndani ya boksi tupu, wanacheka.

Mwaka uliofuata nikakata shauri: zawadi moja kutoka kwetu wazazi, na moja ambayo ndugu wote wataichangia. Mama mkwe alinuna. Alisema nawanyima wajukuu wake furaha. Neno hilo liliniuma, na mpaka leo halijaisha kati yetu. Lakini sikurudi nyuma, na ninajivunia hilo.

Baadaye nikakutana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018. Watoto 36, wa miezi 18 hadi 30, walicheza mara moja wakiwa na vitu 4 na mara nyingine vitu 16. Vilipokuwa vinne, walidumu na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na kukichezea kwa namna nyingi zaidi. Nikakikumbuka kile kigari.

Kwa hiyo dada yangu, punguza. Kabla hujanunua chochote, kaa sakafuni uvihesabu vilivyopo. Nusu vifungie kwenye boksi mbali na macho yao. Baada ya wiki chache vitoe, ufungie vingine. Watavipokea kama vipya. Ndugu waambie mapema, tena kwa sauti. Mimi nilituma ujumbe wa maandishi, na nadhani ndio uliomchoma mama mkwe kuliko uamuzi wenyewe. Halafu punguza tena. Wazazi wenzangu, mtoto wa miaka miwili hahesabu zawadi. Tunaohesabu ni sisi, tukiogopa kuonekana wachoyo, na gharama ya hofu yetu tunawabebesha wao.

Mwaka jana mkubwa alipata vitalu vya mbao na mdogo mpira. Mpira ule alilala nao. Wiki hii nitampigia mama mkwe nimwombe jambo moja: badala ya mfuko wa zawadi, aje awachukue wajukuu wake washinde naye siku nzima.